TUSIKAE DARASANI KAMA MAGUNIA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa msema kweli hukimbiwa na rafikize. Mimi leo nasema kweli yangu, na mkinikimbia si neno, tutakutana tu kwenye foleni ya githeri saa saba.

Kweli yenyewe ni hii: wengi wetu tunakaa darasani kama magunia. Gunia hupangwa, hujazwa, hushonwa mdomo kisha hungoja lori. Sisi nasi hupangwa kwenye madawati, hujazwa noti, hufunga midomo na kungoja mtihani. Kengele ikilia mwalimu mmoja anatoka, mwingine anaingia, chaki inaendelea palepale ilipoachwa. Ukimwuliza mwanafunzi saa kumi jioni, "Leo umejifunza nini?" atakufungulia daftari akuonyeshe kurasa tisa alizonakili. Mwulize kilichomo ndani ya kurasa hizo, atakwambia, "Bado sijasoma." Jamani, kwani alikuwa wapi zilipoandikwa?

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sikushika kalamu kuwasuta walimu wetu. Darasa letu lina wanafunzi sitini na wawili. Tangu mwaka wa 2018, serikali ilipoanza kusisitiza kwamba kila aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari, madarasa mengi ya shule za kutwa yamefurika. Hilo ni jambo jema, maana pengine mimi mwenyewe nisingekuwa hapa. Lakini mwalimu mmoja, watoto sitini na wawili, dakika arobaini na silabasi isiyokwisha, unadhani atafanya nini? Atageukia ubao aandike. Si kwamba hapendi kufundisha vingine.

Siku hizi ukilalamika hivi, utaambiwa dawa ni moja tu: mtandao. Eti masomo yote yako mtandaoni, mwanafunzi wa leo hana kisingizio. Nimelifikiria jambo hili sana, na maoni yangu ni kwamba wanaosema hivyo wamepata nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nianze na nusu iliyo sawa. Ni kweli mtandaoni mna hazina. Mathalani, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, yaani KICD, ina hifadhi ya masomo iitwayo Kenya Education Cloud, iliyotengenezwa kwa kufuata mtaala wetu wenyewe. Kuna Khan Academy ya Salman Khan kule Marekani. Bwana huyu alianza mwaka wa 2004 kwa kumsaidia binamu yake hesabu kwa njia ya simu na tarakilishi, kwa kuwa walikaa miji tofauti. Jamaa wengine wakaomba nao wafundishwe, akaanza kurekodi masomo, na mwaka wa 2008 akaanzisha shirika ambalo linafundisha watu dunia nzima bila malipo.

Tena kuna PhET, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Ilianzishwa mwaka wa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001. Humo hamna mtu anayekuhutubia. Unakuta betri, balbu, nyaya na swichi kwenye skrini, unaziunganisha mwenyewe. Ukikosea, balbu haiwaki. Ukiongeza betri, unaona mwanga ukizidi. Sisi wa kidato cha tatu tunasoma mkondo wa umeme na sheria ya Ohm. Katika maabara yetu mita zinazofanya kazi ni nne, kwa hivyo wengi wetu husimama nyuma wakitazama visogo vya wenzao. Kwenye PhET kila mtu angejenga sakiti yake, aiharibu na kuijenga tena, bila kuchoma kifaa cha shule.

Sasa njooni kwenye nusu ya pili. Hazina ikiwa ng'ambo ya mto na wewe huna mtumbwi, inakufaa nini?

Muhula uliopita somo moja, ambalo sitalitaja, lilianza kuletewa kazi ya ziada kwa WhatsApp. Mwalimu alitaka kutusaidia, na nia yake naiheshimu. Kazi ilitumwa saa mbili usiku kwenye kundi la wazazi, nasi tukatakiwa kuikamilisha kesho yake asubuhi. Sisi wa shule ya kutwa tunalala kwetu, kwa hivyo ilionekana ni jambo rahisi. Mama yangu ana simu ya tochi, hii tunayoiita mulika mwizi. Inapiga, inapokea, inamulika njia ya kwenda msalani, basi. Haijui WhatsApp. Jirani yetu anayo simu kubwa, lakini saa mbili usiku huwa yuko kazini nayo. Asubuhi nilinakili maswali kutoka kwa rafiki yangu nikiwa nimesimama langoni, na kipindi kilipoanza nilikuwa na majibu mawili kati ya kumi. Nilihesabu waliosimamishwa pamoja nami: kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya sitini na wawili, na tuliitwa wavivu.

Hapa ndipo shida ilipo. Ubao ni wetu sote. Aliye na viatu na aliye na ndara wanauona sawasawa. Lakini somo likihamia kwenye simu ya nyumbani, linafuata mfuko wa mzazi. Yule ambaye kwao kuna simu nzuri na bando atasonga mbele, na yule ambaye kwao shilingi 20 ni nusu ya sukari ya kesho atabaki nyuma. Kisha matokeo yakitoka tutaambiwa kwamba wote tulipata nafasi sawa.

Wengine watasema, "Lakini mwaka wa 2020 si tulisoma hivyohivyo?" Naam, tukumbuke vizuri. Shule zilifungwa mwezi wa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari mwaka wa 2021. Mimi nilikuwa darasa la tano. Masomo yalipeperushwa kwa redio na televisheni, na mengine yakawekwa mtandaoni. Kwetu tulikuwa na redio. Nakiri redio ilitusaidia, lakini redio ina tabia moja: haingoji. Inauliza swali, inanyamaza kidogo, inajijibu yenyewe na kuendelea, uwe umeelewa au hujaelewa. Kilichoniokoa ni dada yangu mkubwa. Kipindi kikiisha alikuwa akiizima ile redio na kuniambia, "Haya, nifundishe mimi." Nilipokwama alijua pale pale kwamba hapo sikuelewa. Ndipo nilipotambua kwamba kinachomtoa mtoto kwenye ugunia si chombo, bali ni kuulizwa, kujibu, kukosea na kusahihishwa.

Ndiyo maana nasema mtandao peke yake hautatuokoa. Video ya dakika ishirini ikionyeshwa ukutani huku sisi tumekunja mikono, ni ubao ule ule uliotiwa rangi. Na siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazokuandikia insha nzima kabla hujamaliza kupiga mwayo. Mwanafunzi akiinakili hiyo insha, tofauti yake na anayenakili noti ubaoni ni ipi? Wote wawili ni magunia, ila mmoja anajazwa haraka zaidi.

Basi tufanyeje? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tuna darasa, tuna midomo, tuna tarakilishi chache. Hebu niyataje mambo manne ambayo yanawezekana hapa hapa shuleni petu.

La kwanza ni kugawana somo. Mwaka wa 1971 katika mji wa Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weupe, Weusi na wale wenye asili ya Meksiko, ambao awali walisoma mbalimbali. Madarasa yakawa na uhasama mkubwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake wakabuni mbinu. Walikata somo vipande vipande, wakawaweka watoto katika vikundi vidogo, na kila mtoto akapewa kipande kimoja tu ili awafundishe wenzake. Kwa kuwa mtihani ulihusu somo zima, ilibidi kila mmoja amsikilize hata yule aliyekuwa akimdharau.

Sasa chukua Historia ya kidato cha tatu, jinsi Waafrika walivyowapokea wakoloni. Kuna Wamandinka chini ya Samori Touré, aliyekamatwa na Wafaransa mwaka wa 1898. Kuna Wandebele waliopigana na Waingereza mwaka wa 1893. Kuna Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Kuna Walozi wa Lewanika walioamua kushirikiana na Waingereza, na kuna Buganda iliyotia sahihi mkataba wa mwaka wa 1900. Ni vipande vitano hivyo. Tugawanywe watano watano, kila mmoja asome kipande chake jioni kitabuni, kesho yake awafundishe wanne. Hakuna bando linalohitajika, na hakuna gunia litakalobaki, kwa sababu ukinyamaza wenzako wanne watakosa swali kwa ajili yako.

La pili ni kujibu sote. Kwa kawaida mwalimu akiuliza swali, mikono inayoinuka ni ile ile mitatu. Sisi wengine tunaangalia viatu vyetu. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwalimu wa fizikia aitwaye Eric Mazur alianza mwaka wa 1991 kufundisha kwa namna nyingine. Anauliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi anachagua lake peke yake, kisha anageuka kumshawishi jirani yake. Baadaye wanapiga kura tena. Kelele zipo, lakini ni kelele za hoja.

Kuna hata programu iitwayo Plickers inayofaa sana shule kama yetu. Wanafunzi hawahitaji simu. Kila mmoja anashika karatasi iliyochapishwa alama, anaigeuza ili upande wa A, B, C au D uwe juu, na mwalimu anapitisha simu yake moja mbele ya darasa. Hapo hapo anajua nani amejibu nini. Jirani yako hawezi kukunakili, kwa maana kila karatasi ina alama yake. Na hata hiyo simu moja ikikosekana, tukate kadi za maboksi tuandike herufi nne, tuinue juu. Mwalimu akiona msitu wa B ilhali jibu ni D, atajua papo hapo kwamba hatujaelewa, badala ya kungoja kulijua kwenye mtihani wa mwisho wa muhula.

La tatu ni kutumia tulicho nacho katika lugha na mazingira yetu. Tunasoma tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege tukiwa tumeketi, mmoja akisoma na wengine wakisinzia. Tamthilia ni ya kuchezwa, si ndiyo? Meza ya mwalimu iwe jukwaa, tusimame tuigize onyesho moja kisha tubishane kuhusu mhusika. Marehemu Mathias Mnyampala wa Tanzania aliipa umaarufu ngonjera, nayo ikawa njia ya kuwafundishia wananchi mambo ya nchi yao. Kama ngonjera ilifundisha siasa, itashindwaje kufundisha Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885? Mmoja awe Bismarck, mwingine awe Mwafrika ambaye hakualikwa. Katika Biolojia nako, tunasoma ekolojia kwa kuchora mraba ubaoni, na uwanja wa nyasi uko nje ya dirisha! Tupigilie misumari vipande vinne vya mbao, tutoke, tuutupe mraba mahali kumi, tuhesabu mimea. Kipindi kimoja tu, na hakuna atakayesahau.

La nne ndilo linalohusu mtandao, na ndilo ombi langu kubwa. Mtandao uletwe shuleni, usiachwe nyumbani. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya watu wasio na intaneti. Masomo hupakuliwa mara moja, yakawekwa kwenye tarakilishi moja, na tarakilishi nyingine zilizo karibu huyasoma kutoka kwa ile bila bando lolote. Humo mna masomo ya Khan Academy, mna PhET, na mengine mengi. Chumba chetu cha tarakilishi kina mashine kumi na nne zinazowaka. Saa kumi jioni hufungwa kwa kufuli, wakati ambapo sisi wa kutwa ndio tungezihitaji. Kifunguliwe saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, siku nne kwa wiki, tuingie kwa zamu. Nataja saa kumi na moja na nusu kwa sababu wengi wetu, hasa wasichana, tunatembea mbali, na giza si rafiki.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema silabasi haitakwisha. Nami nawauliza, silabasi ikikwisha ubaoni na haijaingia kichwani, imekwisha kweli? Muhula wa tatu kila mwaka tunawaona watahiniwa wakirudia mambo ya kidato cha kwanza kana kwamba hawajawahi kuyasikia. Muda tunaouokoa kwa kunakili tunaulipa baadaye kwa riba. Hata hivyo sisemi kila kipindi kiwe mchezo. Kipindi kimoja kwa wiki katika kila somo kingetosha kuanzia.

Wa pili watasema wanafunzi watapiga kelele na kutazama muziki kwenye tarakilishi. Hoja hii ina uzito, na hapa nawageukia ninyi wenzangu. Tuache utoto. Tukipewa kadi za kujibia tusizifanye ndege za karatasi. Tukiwa na masomo yaliyopakuliwa bila intaneti, muziki wa kutazama hautakuwamo, lakini panya wa tarakilishi wanaweza kuibwa, na tunajua mwaka jana walipotelea wapi. Viranja wa chama hiki wawe wa kwanza kujitolea kusimamia zamu na kuandika majina. Haki na wajibu ni ndugu wa tumbo moja.

Wa tatu watasema, "Subirini, mtaala mpya unakuja na hayo yote." Hapo ndipo panaponiuma. Sisi tuliofanya KCPE mwaka wa 2023 tulikuwa wa mwisho kuifanya, na mwaka wa 2027 tutakuwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 kufanya KCSE. Hakuna kidato cha kwanza wala cha pili nyuma yetu. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari mwaka huu wa 2026 wanafundishwa kwa mtaala wa umilisi, na tunawaona wakipita na miradi yao, wakijadiliana chini ya mti. Sisi tunawatazama kupitia dirishani, kalamu mkononi. Siwaonei wivu, nawatakia mema. Lakini abiria wa mwisho naye amelipa nauli. Isiwe kwamba kwa kuwa mfumo wetu unafungwa, nasi tumefungwa pamoja nao. Kuulizwa, kujadiliana na kujaribu havikuandikwa kwa ajili ya mtaala mmoja tu.

Kwa hivyo, naomba mambo matatu kwa unyenyekevu. Mosi, kazi yoyote inayotumwa kwa simu iandikwe pia kwenye karatasi na kubandikwa ubao wa matangazo kabla ya saa kumi, ili mwenye mulika mwizi na mwenye simu ya bei waanze pamoja. Pili, mlango wa chumba cha tarakilishi ufunguliwe jioni, na masomo yapakuliwe. Tatu, chama chetu cha Kiswahili kianze. Mkutano wetu ni Jumatano, nasi hatuna silabasi ya kutukimbiza. Tugawane tamthilia vipande, tukate kadi, tujaribu. Walimu wetu wakiona inafaa watatuunga mkono, maana hakuna mwalimu anayefurahia kuzungumza na magunia.

Wenzangu, mchagua jembe si mkulima. Tusingoje tarakilishi sitini na mbili ndipo tuanze kufikiri. Kesho mwalimu akiuliza swali, inua mkono, hata kama jibu huna hakika nalo. Kalamu yangu naiweka chini hapa. Aliye na hoja ya kunipinga ajibu katika toleo lijalo, nami nitafurahi, kwa maana gunia halijibu.